Sweta Katika Picha ya Yangeyange

Picha yenyewe mnaijua. Hata kama hamjawahi kukanyaga Masisi, huku mashariki mwa Kongo, mmeiona: vijana watano juu ya kichuguu cha kisiwa, wameinama pamoja wakisimika mti wenye bendera, na nyuma yao ziwa limetulia chini ya ukungu. Iliwekwa kwenye kalenda, ikawekwa kwenye mabango ya uchaguzi, ikashuka hadi kwenye pakiti za biskuti na karatasi za sabuni. Kuna wakati ilichorwa ubavuni mwa lori la nguruwe lililokuwa likishuka Goma, na mavi ya nguruwe yakawa yanachuruzika juu ya mashujaa wetu tangu Masisi hadi Sake. Kama kuna fremu iliyowahi kuistahili picha ile, basi ni hiyo.

Kisiwa nacho ni cha kuchekesha. Kinaitwa Yangeyange, kwa ajili ya ndege hao weupe wanaolala humo, na kiko katika ziwa dogo upande wa Masisi. Ukishusha mbuzi kumi pale, wa kumi na moja atalala majini. Lakini mwaka ule wa vita waasi waliweka bunduki yao kubwa juu ya kichuguu, wakawa wanapiga kila mtumbwi unaokatiza, na vijana wa kujilinda kutoka vijiji vya kandokando wakaapa kukitwaa. Wakakitwaa. Damu iliyomwagika pale, ukiipima na udongo uliopatikana, ni aibu hata kuitaja.

Katika Walikale nzima ni mtu mmoja tu aliyeipenda picha hiyo kwa moyo wake wote, Mama Kahambu, fundi wa nguo. Aliibandika ukutani juu ya cherehani yake, na kila asubuhi, kabla hajasukutua kinywa, aliisalimia: "Umeamka je, mutoto yangu?" Kisha akaibusu. Kwake yeye, kijana wa pili kutoka kushoto, yule aliyefunikwa uso na kiwiko chake mwenyewe, alikuwa mwanawe Nzanzu.

Kahambu alizaliwa upande wa Butembo, katika ukoo wa wachuuzi Wakatoliki ambao mtoto wao hujua bei ya chumvi kabla hajajua ishara ya msalaba. Aliolewa na muuza vitenge, akamfuata Masisi. Mume alikufa lori lilipopinduka kwenye utelezi wa milimani, akamwachia mtoto wa kiume mmoja na cherehani. Mama huyo alilia hadi matanga yakavunjwa, akavua nguo nyeusi, akaketi mbele ya cherehani na kuanza kukanyaga. Wateja walimjua kwa mdomo wake. Ukimletea kitambaa kifupi ukataka gauni refu, alikuambia urudi nyumbani ukalete na miguu mifupi.

Vita vilipoingia Masisi, watu walikimbilia msituni kwa njia ya Ntoto. Kahambu alijitwika kichwa cha cherehani, Nzanzu akabeba miguu yake ya chuma, na Solange, mke wa Nzanzu, akabeba sufuria na mimba changa. Mimba ilitoka njiani, katika kibanda cha mwindaji. Walikale walipata kiwanja nyuma ya kanisa, wakajenga kwa miti na udongo. Nzanzu alikwenda machimbo ya Bisie kubeba mawe ya bati mgongoni. Alirudi ngozi imechubuka na moyo umechafuka, maana katika kila kizuizi palikuwa na mwenye bunduki aliyekula jasho la wenzake bila hata kunawa mikono. Aliposikia kwamba vijana wa Masisi wanajikusanya, aliaga.

Mama yake hakumzuia. Alimfumia sweta, kwa kuwa baridi ya Masisi haina adabu. Uzi wa kijani ulimwishia kabla hajamaliza mkono wa kushoto, sokoni hapakuwa na kijani kingine, akaumalizia kwa uzi wa rangi ya tofali. Nzanzu aliivaa akacheka.

"Mama, batasema niliiba ku batu mbili!"

"Baseme," alijibu Kahambu. "Baridi haiulizake rangi."

Habari za Yangeyange zililetwa na Jacques, kijana wa jirani aliyekuwa kikosi kimoja na Nzanzu. Alirudi anachechemea, akakaa kizingitini bila kuingia.

"Mama, Nzanzu alianguka," alisema. "Ni yeye njo alipandisha bendera ya kwanza, risasi zikiwa bado zinalia. Kisha bakamupiga. Alibaki mu matete, hatukuweza kumutoa."

Matanga yakawekwa. Majirani walileta kuni na ndizi, wakalala nje kwenye majani, wanawake wakaimba hadi sauti zikakauka. Solange alikaa chini, kichwa kimefungwa kitambaa. Na matanga yakiwa hayajavunjwa, mchuuzi mmoja aliingia kutoka Goma na samaki wakavu waliofungwa katika magazeti. Shangazi mmoja alipowafungua samaki wale, Kahambu aliona kwenye karatasi, katikati ya magamba na mafuta, vijana watano na bendera. Akaona mkono ulioinuliwa. Kijani hadi juu ya kiwiko, kisha tofali.

Chini ya picha iliandikwa kwamba ilipigwa siku ya tatu baada ya bunduki kunyamaza. Kahambu alisomewa mara kadhaa ili asikosee. Kisha akasimama, akamwaga maji juu ya moto wa matanga.

Ili umwelewe, lazima ujue kwao nguo za marehemu ni kitu gani. Hufungwa furushi, likakaa kimya hadi matanga yavunjwe, ndipo wazee wa ukoo wakalifungua na kuwagawia ndugu kwa maneno na maji. Kuvaa nguo hiyo kabla ya hapo ni kuvaa kifo chenyewe. Hata mwizi, anayebeba sufuria ikiwa bado na mboga ndani, hulikwepa furushi lile. Kwa hiyo hoja ya Kahambu ilikuwa fupi: vita vimekwisha, sweta imesimama, basi na mwenye sweta amesimama.

"Lakini, Mama, nilimuona na macho yangu," Jacques alisema.

"Macho yako ilikuwa inakimbia pamoja na miguu," Kahambu alimjibu mbele ya watu wote.

Jacques aliinuka taratibu, akachechemea kwenda zake. Hakuikanyaga tena nyumba ile.

Baada ya hapo miaka ilipita, na aliyekuwa akiliwa na miaka hiyo ni Solange. Matanga hayakuvunjwa, kwa hiyo hakuwa mjane. Mume hakurudi, kwa hiyo hakuwa mke. Élie, mkulima na mwindaji wa Ntoto, mtu mpole ambaye wakati wa mvua alikuja kuziba paa bila kuitwa, alimwomba Kahambu kwa heshima zote amfungulie mlango Solange. Kahambu alimuuliza tangu lini mwanamke mmoja hupikia mabwana wawili.

"Basi, Mama, ninangojea neno lako," Élie alisema.

"Ungoje. Na miye ninangoja."

Siku moja Solange aliweka chini kikapu cha sombe, majani ya muhogo, akamuuliza mama mkwe wake kwa sauti ya chini: kama Nzanzu yu hai, mbona hajaleta hata salamu? Kahambu alikuwa na jibu tayari, kwa sababu alikuwa ameuliza ofisi zote. Katika kila ofisi alikutana na kijana mwenye kalamu sikioni aliyemwambia kwamba mashujaa wa Yangeyange wako katika misheni ya serikali. Misheni gani, wapi, hadi lini, hakuna aliyejua wala aliyejali. Uongo ule mwepesi, uliotemwa na mtu aliyetaka tu kurudi kwenye chai yake, Kahambu aliubeba nyumbani akaula miaka yote hiyo.

Uchaguzi ulipokaribia, Mheshimiwa mmoja aliagiza vitenge vyenye picha ile. Mheshimiwa huyo ndiye aliyefadhili kikosi cha Yangeyange kwa bia na ahadi, na sasa alitaka malipo kwa kura. Majora ya kitenge yalishushwa kwa Kahambu ili awashonee wanawake sare za sikukuu ya kutwaliwa kwa kisiwa. Kilikuwa kitambaa cha aibu. Kilinuka mafuta ya taa, rangi yake ilibaki vidoleni, nacho kilichapwa upande mmoja tu, upande wa pili mweupe mtupu. Tena aliyepanga michoro hakufikiria mwili wa mwanamke, au alifikiria sana: popote ulipokata, bendera iliangukia kifuani na mashujaa wote watano wakaishia makalioni. Wanawake walijaribisha sare zao wakaketi juu ya mashujaa, wakacheka hadi machozi.

Kahambu hakucheka. Alikata kitambaa akizungukazunguka, mkasi usipite juu ya Nzanzu, akapoteza vipande vingi. Maana aliambiwa jambo moja lililomfanya asisikie harufu wala aibu: mashujaa wenyewe watakuja Walikale.

"Suka nywele," alimwambia Solange. "Bwana yako anakuya."

Solange alisuka. Alisuka akiwa amekaza midomo.

Alasiri ya kabla ya sikukuu, mwanamume mnene aliingia uani na koti la kijeshi begani na kijiti cha meno mdomoni. Alikuwa ametoka kula nyama ya kuchoma, na mafuta yake bado yaling'aa vidoleni. Aliitwa Evode. Koti lilimbana tumbo, akataka lipanuliwe kabla ya kesho. Solange alimpa kiti. Kabla hajakaa, aliiona picha ukutani, akapiga makofi.

"Kumbe muko na miye humu ndani!"

Kahambu alitupa mkasi. Huyu alikuwa mmoja wa wale watano. Huyu angejua Nzanzu yuko wapi, anakuja na gari gani, amekonda au amenenepa. Alimsogelea.

"Papa, weye uko nani mu foto?"

"Huyu hapa." Kidole chenye mafuta kilitua juu ya mkono wa rangi mbili, kikaacha doa.

Kahambu alicheka, akamwonea huruma mgeni kwa kutojitambua. "Hapana, Papa, umekosea. Huyu iko mutoto yangu, Nzanzu. Ile triko nilifuma na mikono yangu."

Mtu mwenye haya angenyamaza. Angesema amekosea, angechukua koti lake na kwenda. Lakini Evode alikuwa amesimulia kisa hicho katika baa nyingi sana, na kila mara watu walicheka na kumwongezea chupa, hata akasahau kwamba ndani ya kisa kile mlikuwa na mtu.

"Ah, ilikuwa ya mutoto yako?" alisema. "Pole, Mama. Weye ndiyo unajua kufuma! Sikia. Bale balipandisha bendera ya kwanza, hakuna foto. Ilikuwa vita, nani atapiga foto? Siku ya tatu Onorabule, huyu Mheshimiwa wenu wa vitenge, njo alifika na pirogi, mutumbwi ile kubwa, na mupiga-foto yake. Sisi tulifika naye. Mupiga-foto akasema nguo zetu iko nyeusi sana, haitatoka muzuri, anataka rangi. Onorabule akaangalia, akasema: 'Ile ya kijani pale mu matete, muivue.'"

Solange alishika nguzo ya kibaraza.

"Benzangu balikataa, banaogopa mambo ya wazee," Evode aliendelea. "Onorabule akasema mwenye kuivaa atasimama mbele. Njo nikakubali. Maiti ilikuwa inakauka, Mama, tulivunja mikono ndiyo tukatoa. Tukaifua mu ziwa, tukaifua tena, harufu ikakataa! Unaona hapa nimeinua kiwiko? Batu bote banasema, aah, shujaa anaficha machozi. Machozi ya wapi! Nilikuwa ninaziba pua."

Akacheka. Alicheka peke yake, tumbo likicheza, kijiti kikipanda na kushuka.

"Na yeye?" Kahambu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Yeye mulimuweka wapi?"

"Tulimusukuma pembeni na kasia, asionekane mu foto. Kisha tukarudi, mvua ilikuwa inakuja."

"Na triko?"

"Niliitupa palepale. Nani angebeba ile kitu?"

Kahambu alitoka nje, akashika ukuta wa jiko, akatapika. Alichota majivu jikoni, akajisugua midomo kwa majivu, kisha kwa mchanga, hadi ikachanika. Asubuhi zote zile! Alikuwa akibusu nini? Alimbusu huyu, mnene wa vijiti, mvuaji wa nguo za maiti, aliyeziba pua kwa sababu ya mwanawe. Alimwita mutoto yangu. Alimwombea kwa Bikira Maria. Na Nzanzu, aliyemzaa, alikuwa nje kidogo tu ya ukingo wa karatasi, akisukumwa kwa kasia.

Kelele iliyomrudisha ni ya Evode, akiuliza uani kama koti litakuwa tayari asubuhi. Kahambu alirudi, akalichukua koti lile kwa ncha za vidole, akalitupa kwenye matope ya bata.

"Toka," alisema. "Toka mbele ya miye kusahau kama niko Mukristo."

Evode alimwangalia kwa mshangao wa kweli, na huo mshangao ndio uliokuwa mchafu kuliko vyote. Hakuelewa alichokosa. Aliokota koti lake akaondoka akinung'unika kwamba mafundi wa Walikale hawana heshima kwa waliokomboa nchi.

Solange alikuwa bado ameshika nguzo. Kahambu alimfikia, akaanza kufumua nywele zake alizozisuka kwa ajili ya mume ajaye, suka moja baada ya nyingine.

"Uko mujane, binti yangu," alisema. "Tangu zamani. Miye njo nilikataa. Unisamehe."

Solange akalia. Alilia kilio kilichokaa ndani miaka yote, kikubwa, cha kinywa wazi, na Kahambu akamshika kichwa na hakumwambia anyamaze.

Mwili usipopatikana, kwao huzikwa shina la mgomba. Kulipokucha Élie alikata mgomba uliokomaa, Jacques akachimba shimo nyuma ya nyumba. Kahambu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita Jacques, na akamwomba asimulie tena yote, mbele ya watu walewale. Jacques alisimulia: jinsi Nzanzu alivyotambaa na bendera ndani ya sweta isilowe, jinsi alivyoisimamisha kwa mti wa kasia iliyovunjika, jinsi alivyogeuka kuwaita wenzake. Safari hii Kahambu alimsikiliza hadi mwisho.

Wanawake waliotakiwa kwenda uwanjani kuimba walikuja matangani. Wengi hawakuwa na nguo nyingine nzuri ila sare, kwa hiyo walizigeuza nje ndani, kama wafanyavyo wafiwa, na upande wa nje ukawa ule mweupe usio na mtu. Uwanjani spika ziliita na kuita. Kulikuwa na mashujaa, bendera na viti vya plastiki, na karibu hapakuwa na wa kupiga vigelegele.

Ndipo gari la Mheshimiwa likaja. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba mama wa shujaa anazika, naye hakuwa mtu wa kuacha kitu kioze bila kukifaidi. Alishuka na wasaidizi na mpiga picha, akatoa pole kwa kifupi, akauliza mama ni yupi. Mgomba ulikuwa umeshashushwa, na Kahambu ameshatupa udongo wake wa kwanza. Mpiga picha alipanga watu kwa mikono: wajane huku, watoto mbele, yule mwenye kuchechemea atoke kidogo. Jacques akasukumwa pembeni. Kisha mpiga picha akainua kamera, akaitazama, akakunja uso.

"Mama," alisema, "kivuli kimeingia. Rudia kidogo kutupa udongo. Na yule dada alie tena kama tulivyomkuta."

Wanawake waliacha kuimba. Kahambu alinyoosha mgongo, akamtazama, midomo yake imechubuka.

"Mutoto nilizaa mara moja," alisema. "Ninamuzika mara moja."

Akampa kisogo. Solange naye akageuka, kisha Jacques aliyesukumwa, kisha Élie, kisha wanawake wote, hadi mbele ya kamera hapakubaki kitu ila migongo na kitambaa cheupe. Kahambu alishika jembe na kuendelea kufukia, na hakuna aliyegeuka hadi shimo lilipojaa.